SGR Dar es Salaam–Dodoma: Treni Nzuri, Njia Nzuri Zaidi

Kwa anayetaka jibu kabla hajakata tiketi: kati ya Dar es Salaam na Dodoma, treni ya umeme ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, ndiyo usafiri bora uliopo sasa kwa mtu asiye na mzigo mkubwa. Basi hula muda wa saa nane na kuendelea, likipunguza mwendo hadi kilomita 50 kwa saa kila penye kijiji au mji, Chalinze, Morogoro, Gairo, Kibaigwa. Treni ya kawaida, ile inayosimama njiani, humaliza safari hiyohiyo ya takriban kilomita 450 kwa muda unaokaribia saa nne, na ya haraka huupunguza zaidi. Mtu anashuka Dodoma miguu haijavimba na mgongo haumuumi.

Tathmini hii itaanza na mambo ya abiria, lakini sehemu kubwa inahusu njia yenyewe. Utulivu wote anaousikia mtu akiwa kitini unatoka chini ya sakafu ya behewa, na siku ubovu ukija utaanzia hukohuko. Reli ya Kati ya zamani ilitufundisha hilo kwa gharama kubwa.

Tiketi, nauli na geti

Nauli zilizotangazwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, huduma ilipoanza mwaka 2024 ni shilingi 13,000 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma, kwa mtu mzima wa daraja la kawaida. Pugu ni 1,000, Ruvu 5,000, Ngerengere 9,000, Kilosa 18,000, Gulwe 25,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu, aliye chini ya hapo halipi. Treni ya haraka hadi Dodoma ilipangiwa 40,000 kwa daraja la kawaida na 70,000 kwa daraja la biashara. Kwa maoni yetu bei ya kawaida ni ya haki kabisa. Ya biashara inamfaa anayetaka nafasi ya kufanya kazi njiani: katika mabehewa ya kuvutwa na kichwa cha treni, la biashara lina viti 45 na la kawaida lina 78, kwa hiyo unacholipia hasa ni upana.

Tiketi hukatwa kwenye tovuti ya TRC, yaani Shirika la Reli Tanzania, au dirishani. Jina kwenye tiketi lazima lifanane na kitambulisho utakachoonyesha getini, iwe cha NIDA, pasipoti, leseni ya udereva au kadi ya mpiga kura. Ukikata mtandaoni unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, ndipo tiketi inatoka. Namba hiyo ina muda wake. Anayeacha kulipa mpaka jioni hukuta kiti kimeshachukuliwa na mwingine, akaanza upya. Usinunue kwa mtu mtaani hata akikuonyesha tiketi yenye kila kitu. Yenye jina la mwingine itakukwamisha mlangoni.

Viti huisha mapema Ijumaa kutoka Dodoma na Jumapili kurudi Dodoma, kwa sababu watumishi wengi wa wizara wana familia Dar es Salaam. Kwa siku hizo kata siku kadhaa kabla. Mizigo hupita kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanja wa ndege, na foleni hiyo ndiyo huwaachisha watu treni. Fika saa moja kabla, na wakati wa sikukuu ongeza nusu saa.

Kuhusu mizigo tuseme wazi: hii ni treni ya begi la magurudumu na begi la mgongoni. Gunia la mchele, dumu la mafuta ya kula, mkaa na godoro vitafutie njia nyingine. Huu ni upungufu wa kweli kwa mfanyabiashara mdogo wa Kilosa au Gulwe, ambaye treni ya zamani ilimbebea vitunguu na kuku vilevile. Behewa moja la vifurushi nyuma ya treni ya kawaida, lenye mzani na risiti, lingemrudisha.

Ya kuvutwa na mchongoko

Kuna aina mbili za treni na tofauti yake si sura tu. Ya kwanza ina kichwa cha umeme kinachovuta mabehewa. Vichwa 17 viliagizwa Hyundai Rotem ya Korea Kusini, na mabehewa mapya 59 yametoka hukohuko Korea. Ya pili ni ile iliyochongoka pua pande zote mbili, ambayo watu waliipa jina la mchongoko. Hiyo haina kichwa. Mota zake zimegawanywa chini ya mabehewa, seti moja ina mabehewa manane na hubeba abiria 589.

Mota zikiwa nyingi na zimesambaa, magurudumu mengi yanasukuma kwa pamoja, hivyo mchongoko hushika kasi upesi zaidi kutoka stesheni. Kwa treni ya kuvutwa, kupunguza mwendo kutoka kilomita 160 kwa saa, kusimama dakika mbili na kurudi kwenye kasi ileile hugharimu karibu dakika nne kwa kila kituo. Kati ya Dar es Salaam na Dodoma kuna stesheni kumi: Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro, Mkata, Kilosa, Kidete, Gulwe na Igandu. Zidisha mwenyewe uone treni ya haraka inapata wapi dakika zake. Mwendo wa juu wa zote mbili njiani ni uleule.

Kwa hiyo anayekwenda Dodoma moja kwa moja achague ya haraka ikiwa dakika 30 au 40 zina maana kwake. Vinginevyo ya kawaida haina kasoro yoyote ya kumkimbiza mtu. Anayeshuka Mkata, Kidete au Igandu asome ratiba kwa makini, maana ya haraka haimsimamii. Mkazi wa Gongo la Mboto au Chanika hana haja ya kwenda mjini halafu arudi. Apandie Pugu, ilimradi treni aliyoikatia tiketi inasimama hapo.

Chini ya sakafu

Tofauti ya kwanza kati ya reli hii na ya zamani husikika kwa masikio. Treni ya Reli ya Kati ilikuwa na mdundo wake, tak-tak, tak-tak, usiku kucha. Mdundo ule ulitoka kwenye maungio: vipande vya reli viliunganishwa kwa mabamba na bolti, na kati ya kipande na kipande kukaachwa mwanya ili chuma kipate pa kutanukia jua likiwaka. Kila gurudumu lilipopita juu ya mwanya lilipiga ncha ya reli. Miaka ikipita ncha hubonyea, bolti hulegea, kokoto chini ya ungio husagika, na treni inalazimika kupunguza mwendo.

Katika SGR reli zimechomelewa zikawa kipande kimoja kirefu. Swali la haki ni kwamba kutanuka kumekwenda wapi. Chuma cha reli hutanuka milimita 11.5 kwa kila kilomita moja kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo kati ya alfajiri ya baridi na mchana wa jua kali, tofauti ya nyuzi 30, kilomita moja ya reli ingetaka kurefuka kwa zaidi ya sentimita 34. Haiachiwi kurefuka. Inabanwa na vibanio kwenye mataruma ya zege, yaani mihimili inayolalia reli, na mataruma yanabanwa na kokoto zilizojazwa katikati na pembeni. Nguvu yote inabaki ndani ya chuma. Ndiyo maana kokoto za pembeni, zile zinazoonekana kama urembo tu, ni sehemu ya mashine. Mvua ikizikokota au watu wakizichota kwenda kujengea, siku ya joto reli hujikunja ubavuni kama nyoka, na treni inayokuja kwa kasi haina pa kupita. Anayeishi kando ya njia na kuona ukingo wa kokoto umemong'onyoka ametazama hatari halisi; ataarifu stesheni iliyo karibu.

Tofauti ya pili ni upana na kona. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, mpya 1,435. Watu hudhani upana ndio ulioleta kasi. Umechangia utulivu, lakini kasi imenunuliwa kwa tuta na kona zisizo kali. Treni ikipita kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 2,000 kwa kilomita 160 kwa saa, reli ya nje lazima iinuliwe karibu milimita 150 kuliko ya ndani ili abiria asisukumwe ubavuni. Kona ikiwa kali zaidi ya hapo, ama uinue reli kupita kiasi, ama upunguze mwendo. Wajerumani walioanza kujenga Dar es Salaam mwaka 1905 waliufuata mlima na mto ulivyojipinda, kwa sababu majembe na mikono haviwezi kukata kilima kwa bei nafuu. Walifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Kwa zama zile ilikuwa kazi kubwa mno. Kabla yake mzigo wa kutoka Ujiji na Tabora ulifika Bagamoyo juu ya kichwa cha pagazi, frasila mbili mbili, kwa miezi.

Na reli ile changa ilibeba hata meli. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha 5,000, ikasafirishwa kwa treni hadi Kigoma na kuunganishwa upya kando ya Ziwa Tanganyika. Iliteremshwa majini Februari 1915. Leo tunaijua kwa jina la MV Liemba. Mtu akisema reli ya mita moja ilikuwa ya kuchezea, akumbuke hilo.

Tofauti ya tatu ni uzito. SGR imejengwa kubeba tani 35 kwa kila ekseli, yaani kila jozi ya magurudumu. Behewa la mizigo lenye ekseli nne linaweza kufika tani 140, pamoja na uzito wake lenyewe. Kipande cha reli ya zamani cha Dar es Salaam hadi Isaka kilipokarabatiwa, kiliinuliwa hadi tani 18.5 kwa ekseli, maana yake behewa kama hilo huishia tani 74. Treni ya abiria haihitaji uwezo wote huo. Njia imejengwa kwa ajili ya mizigo, na abiria wananufaika na uimara ambao mizigo ndiyo inaulipia. Tutarudi hapo.

Mto Mkondoa

Kama kuna kilomita za kuangalia kwa macho mawili katika safari nzima, ni zile za kati ya Kilosa na Gulwe. Njia inatoka nyanda za Mkata na kupanda zaidi ya mita 600 mpaka Dodoma, na upenyo pekee wa asili ni bonde la Mto Mkondoa. Reli ya zamani imejilaza kwenye ukingo wa mto huo. Mvua kubwa za mwisho wa 2009 na Januari 2010 ziliisomba vibaya mpaka safari zikakatika, na haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho.

Ubovu ule una hatua zake. Milima ya juu ikikatwa miti, mto hushusha mchanga. Mchanga hujaa kitandani mwa mto, kitanda kikapanda, na daraja lililojengwa na nafasi ya mita kadhaa juu ya maji likabaki na nafasi ndogo. Kalavati likiziba, maji hayapiti chini ya tuta. Yanasimama upande wa juu kama bwawa, yanaloweka tuta, kisha yanalivunja kwa usiku mmoja. Mitaro isiyozibuliwa wakati wa kiangazi hugeuka kuwa tuta lililosombwa wakati wa masika. Reli ya Kati haikuuliwa na uzee wake. Yapo mataruma ya chuma yaliyodumu vizazi. Iliumizwa na miaka ya mitaro isiyosafishwa, kokoto zisizoongezwa na vipuri visivyonunuliwa, huku uendeshaji ukihama mkono kwa mkono: jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, TRC ikaundwa 1977, mkataba na kampuni ya RITES ya India ukaanza 2007 na kuvunjika ndani ya miaka michache, mpaka sheria ya 2017 ilipoirudisha TRC pamoja na miundombinu yake.

SGR imejibu tatizo la Mkondoa kwa kuinuka na kuuacha mto. Kuna mahandaki manne eneo la Kilosa, jumla mita 2,620, refu kuliko yote likiwa na mita 1,031, na madaraja yaliyopandishwa juu ya bonde. Ni uhandisi mzuri, na ndiyo sehemu ya njia tunayoipa alama za juu. Lakini mchanga hausimami kwa sababu reli imepanda. Mlango wa handaki unahitaji mitaro juu yake ya kukinga maji ya mlimani, na mitaro hiyo inahitaji mtu mwenye koleo kila Oktoba kabla ya vuli. Kazi hiyo ni ndogo kwa gharama na haina sherehe ya uzinduzi, ndiyo maana hurukwa.

Umeme

Treni huvuta umeme wa volti 25,000 kutoka waya wa juu, unaotoka kwenye vituo vya kupoza umeme vilivyopangwa kando ya njia. Faida zake hazina ubishi: hakuna moshi, hakuna dizeli ya kuagiza kwa dola, na treni ikipunguza mwendo mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya umeme. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuzalisha mwaka huohuo treni zilipoanza, na bila umeme wa namna hiyo mpango mzima ungekuwa mgumu.

Abiria ataona jambo moja la kushangaza: taa au kiyoyozi huweza kuzima kwa sekunde chache halafu kurudi, treni ikiendelea kuserereka. Hiyo si hitilafu. Kati ya eneo la kituo kimoja cha umeme na kingine kuna kipande cha waya kisicho na umeme, ili pande mbili zisigusane. Treni inakipita kwa msukumo wake.

Hitilafu ya kweli inakuwa tofauti: treni inasimama na kukaa. Katika wiki za mwanzo za huduma, Julai na Agosti 2024, zilitokea, na maelezo yaliyotolewa yalitaja wanyama kama ngedere na bundi kugusa nyaya. Wapo waliocheka, lakini jambo lenyewe linajulikana kwa mafundi wa reli za umeme kila mahali. Mnyama akikanyaga kwa wakati mmoja waya wenye umeme na nguzo iliyounganishwa na ardhi, mkondo unapita, swichi ya kinga inakata eneo zima. Dawa yake ni vifuniko vya plastiki ngumu kwenye vikombe vinavyotenga waya na nguzo na kwenye pembe za nguzo, kukata matawi yaliyosogelea waya, na swichi zinazojirudisha zenyewe baada ya sekunde chache. Wizi wa nyaya za shaba ni tatizo baya zaidi, kwa sababu ngedere hurudi msituni lakini waya ulioibwa haurudi.

Ushauri wa vitendo: mwenye ndege ya kuwahi au kesi mahakamani asipande treni ya mwisho inayomfikisha kwa kubana. Apande iliyotangulia. Na abebe maji ya kunywa, kwa sababu umeme ukikatika kiyoyozi nacho huzima, na behewa lisilofunguka madirisha hupata joto upesi.

Igandu

Jina la stesheni ya Igandu lina uzito kwa watu wa reli. Juni 24, 2002, treni ya abiria kwenye reli ya zamani ilishindwa breki ikiwa inapanda eneo hilo, ikarudi nyuma kwa kasi ikateremka na kugonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Treni za leo zinapita hapohapo, na ni haki kuuliza nini kimebadilika.

Kilichobadilika ni kwamba mwendo wa treni hausimamiwi tena na jicho la dereva peke yake. SGR inatumia mfumo wa ishara wa ETCS daraja la 2. Kompyuta ya njia inajua kila treni iko wapi, inatuma kwa redio ruhusa ya kwenda umbali fulani kwa kasi fulani, na kompyuta ya treni hufunga breki yenyewe dereva akipita mpaka. Kwa kasi ya 160 kwa saa, treni inayofunga breki kawaida huhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama. Jicho halioni mbali hivyo usiku au kwenye kona, kwa hiyo mfumo huo ni wa lazima. Kwa sababu hiyohiyo njia imewekewa uzio, na watu na ng'ombe wamejengewa vivuko vya chini na madaraja ya juu. Anayekata uzio ili mifugo ipite njia ya mkato anaondoa ile kilomita moja.

Mizigo ndiyo itakayolipa

Mizigo ilianza kusafirishwa katikati ya 2025, pamoja na bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani inayoyaondoa makontena katikati ya jiji la Dar es Salaam. Hapo ndipo mustakabali wa njia hii utaamuliwa. Nauli ya 31,000, hata treni zikijaa kila siku, haiwezi kurudisha mkopo wa kujenga tuta la tani 35 kwa ekseli. Hilo hutegemea shaba ya Kongo, mizigo ya Rwanda na Burundi, mafuta na mbolea.

Kwa sasa njia hii inaishia Makutupora, mkoani Singida, katikati ya nchi. Kontena la Kigali au Bujumbura haliwezi kuendelea kwa reli ya mita moja bila kuhamishwa, kwa sababu magurudumu ya upana mmoja hayaingii kwenye mwingine. Kila kuhamisha ni winchi, kusubiri na malipo, na mwenye lori anajua kupiga hesabu hiyo haraka kuliko mtu yeyote. Jirani zetu wameshaipitia: SGR ya Kenya ilianza Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, kilomita 472, ikaongezwa kilomita 120 hadi Suswa mwaka 2019 na kukaa hapo kwa miaka mingi, mbali na ziwa na mbali na mpaka. Treni yake ya abiria inapendwa na kujaa, lakini vituo vyake viko Syokimau na Miritini, nje ya miji, na nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi za Kenya 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa 2024. Kwa upande huo Dar es Salaam tumefanya vizuri zaidi: stesheni kuu iko katikati ya jiji, kando ya stesheni ya zamani, na vituo vya mabasi ya mwendokasi viko umbali wa kutembea. Dodoma hatukufanya hivyo. Stesheni iko Mkonze, na ya Morogoro iko Kihonda. Panga fedha na dakika za bajaji au daladala, na usiku patana bei kabla ya kupanda.

Vipande vya Makutupora–Tabora, Tabora–Isaka, Isaka–Mwanza na Tabora–Kigoma vina mikataba, na vilevile tawi la Uvinza kwenda Musongati, Burundi, kwenye nikeli. Tungependa kuona Makutupora–Tabora–Isaka vikikamilika kwanza kuliko vyote, maana ndivyo vinavyogeuza vipande kuwa njia. Mpaka siku hiyo reli ya mita moja lazima iendelee kutunzwa. Mtu wa Kaliua, Urambo au Kigoma haipandi kwa kumbukumbu. Anaipanda kwa sababu ndiyo anayoimudu.

Kiti na sikio

Kutoka Dar es Salaam, kaa upande wa kushoto. Milima ya Uluguru iko upande huo treni ikikaribia Morogoro, na baada ya Kilosa milima ya Rubeho inafuatia. Handaki refu hupita kwa nusu dakika hivi. Simu itapoteza mtandao, kwa hiyo maliza maongezi kabla ya Kilosa.

Weka chupa ya maji mezani iwe ndicho kipimo chako. Kwenye njia nzima, nje ya makutano ya reli ya kuingia stesheni ambako treni huyumba kidogo kwa kawaida, maji yasichezecheze. Ukisikia mvumo mzito wa haraka unaopanda na kushuka pamoja na mwendo, mahali ulipokaa tu, gurudumu la behewa hilo limepata bapa: breki ililikamata likaburuzwa, na sasa bapa linagonga reli mara kumi na tano kwa sekunde kwenye kasi ya juu. Likiachwa linapasua mataruma. Ukisikia mlio mwembamba kama wa filimbi unaotokea kipande fulani cha njia kwa kila treni, uso wa reli yenyewe umeanza kuwa na mawimbi na unahitaji kusagwa. Namba ya behewa imeandikwa karibu na mlango. Iandike, pamoja na jina la stesheni mliyotoka kuipita na saa, umpe mhudumu kabla hujashuka.